Stimuleta ya neva yenye chaneli nyingi inasumbua: anzia wapi kutafuta kosa

Wakuu habari. Hii ni kwa wale mnaohangaika mezani na stimuleta za kupandikizwa mwilini, yaani vifaa vinavyosisimua neva kwa umeme, zile za chaneli (njia za kutolea umeme, kila moja na elektrodi yake) 4, 8, 16 na kuendelea, ziwe za neva za mkono, za kibofu au za sikio. Kama kuna jambo moja nataka mtu alishike kabla hajagusa pasi ya kulehemu ni hili: chaneli inayolalamika mara nyingi siyo yenye kosa. Chaneli zote zinakula sahani moja. Waya wa kurudishia mkondo ni mmoja, umeme wa kuziendesha ni mmoja, kopo linalofunga saketi ni moja, na mwili wenyewe ni kama beseni moja la maji ya chumvi, kwaiyo ugonjwa unaingilia huku unatokea kule, na wewe unakaa siku tatu unabadilisha chipu ambayo haina kosa lolote.

Na jamani hii kazi siyo ya mbali. Toka 2017 Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikia vya aina hii, na kulingana na mtengenezaji mtoto anatembea na elektrodi 12, 16 au 22 ndani ya sikio. Mtoto wa miaka miwili hawezi kukwambia chaneli ya 7 inavuja umeme, atalia tu au atakivua kifaa cha nje akitupe. Wewe ulipaswa kuliona hilo mezani.

Meza kwanza, kabla hujakilaumu kifaa

Usipime kwa rizista peke yake, pima ndani ya maji ya chumvi. Chumvi gramu 9 kwa lita 1, na isiwe ya jikoni maana ile inawekwa madini joto na vitu vya kuzuia isigandamane. Rahisi zaidi nenda duka la dawa nunua chupa ya dripu ya chumvi, ile tayari ni 0.9%, mimina kwenye bika ya kioo tumbukiza elektrodi zako. Kumbuka tu maji haya yanapitisha umeme vizuri kuliko nyama na kovu, kwaiyo kifaa kikifaulu humo haimaanishi kitafaulu mwilini.

Halafu oskiloskopu, ile mashine ya kuchora wimbi la umeme. Hapa nimepoteza siku mbili zangu. Nilikuwa na bodi ya chaneli 8, chaneli ya 3 inatoa karibu nusu ya mkondo, nikabadilisha chipu, vilevile, nikabadilisha tena, vilevile. Kumbe klipu ya graundi ya oskiloskopu imeunganishwa na ethi ya ukutani kupitia plagi yake, na laptopu niliyokuwa napangia programu nayo iko kwenye chaja yenye ethi, kwaiyo mkondo umepata njia ya pili ya kurudi nyumbani na nusu yake inapita huko. Nilipochomoa chaja laptopu ikabaki na betri yake, chaneli ya 3 ikapona palepale. Toka siku ile napima kwa probu mbili, A toa B, hakuna klipu inayogusa upande wa elektrodi, au natumia oskiloskopu ya betri. Fanya hivo kwanza, ndo uendelee kusoma hapa chini.

Chaneli inatoa mkondo mdogo kuliko ulioagiza

Weka rizista ya ohmu 100 mfululizo na elektrodi uangalie mkondo wenyewe, halafu probu nyingine iangalie volti za elektrodi. Tuseme umeagiza palsi, yaani mpigo mfupi wa umeme, wa 1 mA (miliampia 1) kwa maikrosekunde 200. Kwenye volti utaona wimbi linaruka wima ghafla, mfano volti 1.2, huo mruko ni ukinzani wa waya na maji, yaani kiloohmu 1.2. Baada ya mruko linapanda kwa mteremko ulionyooka, hapo chaji inajaa kwenye uso wa platinamu ya elektrodi kama inavyojaa kwenye kapasita. Palsi ikigeuka, linashuka kwa njia ileile. Hilo ndo wimbi zima, lizoee mpaka ukiliona limebadilika kidogo tu roho inakataa.

Sasa ukiona wimbi limegonga dari likalala, tazama mkondo. Kama mkondo nao umeshuka, volti za kusukuma zimeisha. Hesabu yake ni nyepesi, 1 mA ikipita kiloohmu 10 inataka volti 10, na kama umeme wako ndani ni volti 9 hakuna muujiza. Hii ndo inawapata wengi baada ya upasuaji, mezani ukinzani ulikuwa kiloohmu 1 au 2, wiki chache kovu likajijenga kuzunguka elektrodi ukapanda, chaneli ikaanza kukosa nguvu. Acha nafasi ya kutosha toka mwanzo. Na angalia kapasita ya kuzuia mkondo mnyoofu (DC, ule unaotiririka upande mmoja tu), ile ya mfululizo kwenye kila chaneli, maana nayo inakula volti: chaji ya nanokulombu 200 kwenye maikrofaradi 1 ni volti 0.2, haina neno, lakini ukibana nafasi ukaweka nanofaradi 100 tayari ni volti 2 zimeliwa. Tena kapasita ndogo za seramiki zina tabia mbaya, imeandikwa maikrofaradi 1 lakini ukiiwekea volti inapungua uwezo, nyingine nusu nzima inapotea. Soma grafu ya mtengenezaji, usisome namba ya juu tu.

Kama volti zimelala lakini mkondo haujashuka, hilo ni jambo jingine kabisa, na ni la hatari zaidi. Soma linalofuata.

Elektrodi inatoa mapovu, au platinamu inageuka rangi

Zima taa ya chumba, mulika bika kwa tochi kutoka pembeni. Mapovu ya kwanza ni madogo kuliko punje ya sukari, yanang'ang'ania ukingoni mwa elektrodi kabla hayajapanda. Ukiyaona, simamisha kila kitu. Pale maji yanapasuliwa kuwa hidrojeni au oksijeni, na tindikali au alkali inayobaki pale ingekuwa juu ya neva ya mtu.

Platinamu ina dirisha lake, takriban volti −0.6 hadi +0.8 ukilinganisha na elektrodi ya rejea ya fedha na kloridi ya fedha. Ndani ya dirisha uso unahifadhi chaji na kuirudisha, nje ya hapo unafanya kemia isiyorudi nyuma. Ule mteremko unaopinda kabla palsi haijaisha ni dalili unakaribia huko.

Sababu ya kwanza na ya kawaida: elektrodi ni ndogo kuliko tamaa yako. Chukua 1 mA kwa maikrosekunde 200, ni nanokulombu 200. Kwenye elektrodi ya milimita 1 ya mraba inakuwa maikrokulombu 20 kwa sentimita ya mraba, platinamu inavumilia. Chaji ileile ipeleke kwenye kiduara chenye kipenyo cha milimita 0.1, inapita 2,500, hakuna platinamu laini inayobeba hiyo. Watu wanapenda kuongeza chaneli kwa kupunguza ukubwa wa elektrodi wakati mkondo wanauacha palepale, halafu wanashangaa. Ukitaka ndogo hivo punguza chaji au hamia oksidi ya iridi ambayo inabeba zaidi. Na kwa neva yenyewe kuna ile kanuni ya Shannon ya 1992, inayotazama chaji ya palsi na msongamano wake kwa pamoja, ipigie hesabu kila chaneli, ukijua kwamba ilitoka kwenye majaribio machache ya elektrodi kubwa kwahiyo isiwe ndo leseni yako ya kufika mpakani.

Sababu ya pili ni mkondo mnyoofu uliojificha. Palsi ni ya pande mbili, hasi kwanza kisha chanya, na zinatakiwa zilingane. Sasa chukua palsi yetu ileile ya nanokulombu 200, pande mbili zikitofautiana 1% tu, kila palsi inaacha nanokulombu 2, kwa palsi 50 kwa sekunde unapata nanoampia 100 zinazotiririka upande mmoja usiku na mchana. Hizo 100 ndo kikomo wengi tunachokiheshimu kwenye vifaa vya sikio. Yaani asilimia moja tu imekumalizia kila kitu, na kuna vyanzo vya mkondo vya kwenye chipu vinavyokosea zaidi ya hapo visiporekebishwa.

Kuipima usitumie oskiloskopu, haitaona. Weka mfululizo rizista ya kiloohmu 100 na sambamba yake kapasita ya filamu ya maikrofaradi 10. Palsi zinapita kwenye kapasita, wastani unabaki kwenye rizista. Subiri sekunde 10 hivi itulie, pima kwa mita nzuri: milivolti 10 ni nanoampia 100. Kapasita isiwe ya elektroliti maana yenyewe inavuja na itakudanganya. Pima kila chaneli, ikifanya kazi NA IKIWA IMELALA.

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu hapa ndo penye kisa kinachozungusha watu sana. Chaneli ya 2 inapiga, mkondo mnyoofu unatokea chaneli ya 5 ambayo hata haijawashwa. Kinachotokea ni hivi, chaneli ya 2 ikivuta upande hasi maji yote yanayoizunguka yanashuka volti, elektrodi ya 5 iliyokaa tu nayo inashuka nayo, ikipita chini ya graundi ya chipu ile daiodi ya kinga iliyomo kwenye kila mguu wa chipu inafunguka na kupitisha mkondo. Palsi ikigeuka chanya daiodi inafunga. Kwaiyo upande mmoja una njia ya ziada na mwingine hauna, hesabu haifungi tena, na mkosaji ni chaneli iliyolala. Dalili yake: mkondo mnyoofu ni karibu sifuri ukiwa na palsi ndogo, ukivuka kiwango fulani unaruka ghafla. Dawa ni kuinua waya wa kurudishia ukae katikati ya volti za umeme wa ndani badala ya kuukalisha kwenye graundi, na kila chaneli iwe na kapasita yake ya mfululizo, kila chaneli, siyo moja ya kushirikiana. Kapasita ikiwepo, daiodi ikifunguka itaijaza kidogo kisha mkondo utakoma wenyewe. Hata chipu ikiungua ikang'ang'ania volti zote, kapasita bado inasimama kati ya betri na neva ya binadamu. Kuna wanaosema saketi zao zinalingana vizuri kiasi kwamba kapasita hazihitajiki na zinakula nafasi. Mimi kwa kifaa cha kubaki mwilini miaka 20 siwezi kukubali, labda wanionyeshe kitu kingine kinachozuia ajali hiyohiyo.

Usisahau njia ya kuitoa chaji iliyobaki, aidha swichi inayoshotisha elektrodi na waya wa kurudishia kati ya palsi, au rizista kubwa. Ukiweka rizista isiwe ndogo sana, manake rizista zote zinakutana sehemu moja na hapo umefungua mlango wa chaneli kuvujiana.

Unaita kidole gumba, kinaitika cha shahada

Mfumo wa Freehand uliotoka Cleveland, ukaruhusiwa Marekani 1997, ulikuwa na chaneli 8 za kufungua na kufunga kiganja cha mtu aliyepooza, na kwenye kazi kama hiyo chaneli ikiitikiwa na msuli wa jirani mgonjwa anadondosha kikombe.

Jaribio ni jepesi. Piga chaneli moja moja ukiandika kizingiti cha kila moja, yaani mkondo mdogo kabisa unaoanza kuleta mwitikio, kisha piga mbili kwa pamoja. Kama kila moja peke yake ni safi na pamoja zinaharibu, uga wa umeme unajumlishana ndani ya nyama, na dawa ni kuzipishanisha, moja ipige nyingine itulie. Kwa misuli nafasi ipo tele: palsi 25 kwa sekunde ni milisekunde 40 kati ya palsi na palsi, chaneli 8 kila moja inapata 5. Kwa sikio nafasi ni finyu zaidi lakini wazo ni hilohilo, ndo lililofanya njia ya mtafiti wa vifaa vya kusikia Blake Wilson ya 1991 isikike vizuri kuliko zilizotangulia, elektrodi zilipishana zisipige pamoja.

Kama hata peke yake inaita jirani, basi mkondo unatawanyika. Ukirudisha mkondo mbali, kwenye kopo lenyewe, uga unakuwa mpana. Ukirudisha kwa elektrodi ya pembeni yake, au mbili zikaizunguka kushoto na kulia, unabanwa, ila utahitaji mkondo mkubwa zaidi kupata mwitikio uleule, na hapo rudi kwenye hesabu ya chaji huko juu. Na kabla ya yote hayo pima ukinzani kati ya elektrodi na elektrodi. Waya mbili zilizoshotiana ndani ya kebo zinatoa dalili hiihii.

Ilikuwa nzima, wiki ya tatu kwenye maji ikaanza kuyumba

Maji. Usitafute mbali.

Watu wengi wanadhani silikoni inazuia maji. Haizuii, mvuke unapita kwenye silikoni kirahisi tu. Silikoni inalinda kwa kushikamana na uso wa bodi bila kuacha upenyo, mvuke ukifika haupati pa kukusanyika kuwa tone. Hiki ndo walichokifanyia kazi sana watafiti akina Donaldson kule London kwenye vifaa vya wenzao kina Brindley vya kusisimua mizizi ya neva za kibofu. Sasa ukiacha kiputo kimoja cha hewa, au doa la flaksi (dawa ya kulehemu) iliyobaki baada ya kulehemu, au alama ya kidole chako, tayari pana chumvi na pana nafasi, maji yanavutwa kuja pale, yanakuwa tone, tone lina chumvi, kati ya nyaya mbili zenye volti tofauti kunaanza kupita mkondo na baadaye metali inaota kama mizizi kutoka njia moja kwenda nyingine.

Dalili zinakuja taratibu: mkondo mnyoofu wa chaneli mbili jirani unapanda pamoja, ukiikausha bodi kwenye oveni inapona, ukiirudisha majini siku mbili inaugua tena. Kuna fundi mmoja tuliyekuwa naye alikuwa anaosha bodi mara moja kwa spiriti na kufuta kwa kitambaa, tulihangaika na chaneli ya 5 na 6 karibu mwezi mzima, nilipokata silikoni kwa wembe nikaiweka chini ya darubini nikakuta utando wa njano hafifu kati ya miguu miwili ya kapasita, umekaa palepale alipopita na pasi. Osha mara kadhaa, malizia kwa maji safi yaliyotolewa chumvi, kausha kwenye oveni, usiiguse tena bila glavu, na silikoni imimine ndani ya vakyumu.

Kwa kopo la titani lenye matundu ya seramiki ya kupitishia waya mambo ni mengine kidogo. Pima uvujaji kwa heliamu, sawa, lakini heliamu inakwambia kuhusu ufa, haikwambii kuhusu unyevu uliofungia mwenyewe ndani. Gundi na bodi zinashika maji na zitayaachia baada ya wewe kufunga. Choma kwenye oveni kabla ya kufunga na lenga unyevu chini ya chembe 5,000 kwa milioni, chini ya hapo hata kukiwa na baridi haugeuki kuwa matone.

Kuharakisha jaribio watu wanapandisha joto, kwa kanuni ya kwamba kila nyuzi 10 muda unakuwa mara mbili, yaani 67 badala ya 37 ni mara 8. Itumie kulinganisha bodi na bodi. Usiitumie kumwahidi mtu miaka.

Inazima na kuwaka ukiwasha chaneli zote

Hapa ni umeme wa koili, kwa vifaa ambavyo koili ya nje ya ngozi inarusha umeme kwa koili ya ndani. Sogeza koili ya nje milimita 5 pembeni, kisha inua milimita 5, uone inazima wapi. Kama kila chaneli peke yake iko sawa, umeme wa ndani unazama palsi zikigongana, ongeza kapasita ya akiba au zipishanishe kama tulivosema. Kama inazima hata na chaneli moja, angalia kama koili ya ndani imekaa karibu sana na kopo la titani, metali inakula uga na inahamisha mlio wa koili kutoka kwenye masafa yake. Itune ikiwa ndani ya silikoni na majini, siyo kavu mezani.

Joto nalo linatoka hukohuko: sehemu ya nje ya kifaa isizidi nyuzi 2 juu ya 37. Pima kwa kihisi kilichobandikwa juu ya kopo, ndani ya maji ya 37, saa nzima, koili ikiwa karibu kabisa, maana karibu ndo inapata umeme wa ziada usiotumika na lazima utoke kama joto.

Chaneli inakatika na kurudi

Mtu akikunja kiwiko inakata, akinyoosha inarudi. Waya umekatika ndani lakini ncha bado zinagusana. Mezani pima ukinzani huku unaikunja kebo polepole sentimita kwa sentimita. Mara nyingi ni pale inapotoka kwenye kopo, panapokutana kigumu na laini. Waya ziviringwe kama springi, pale pa kutokea pawe na silikoni inayopungua unene taratibu, na daktari aache mzunguko mmoja wa waya uliolegea karibu na kiungo.

Ukinzani haujabadilika lakini kizingiti kinapanda kila wiki

Hii naiweka peke yake. Ukinzani ukipanda pamoja na kizingiti kwenye wiki za mwanzo, mara nyingi ni kovu, na huwa vinatulia. Lakini ukinzani umetulia, wimbi ni zuri, mkondo mnyoofu hauonekani, halafu kila wiki unahitaji mkondo mkubwa zaidi kupata mwitikio uleule, basi anayebadilika ni neva yenyewe. Kama unatumia kafu, kile kibangili cha silikoni kinachozungushiwa neva, uliza upana wake. Neva inavimba baada ya upasuaji, kafu gumu lililobana linaikaba damu, na ndo maana kwa kafu gumu watu wanaacha kipenyo cha ndani kiwe angalau mara 1.5 ya neva au wanatumia lile la kujiviringa linalofunguka lenyewe neva ikivimba. Linganisha na chaneli nyingine za kafu hilohilo: zikipanda zote pamoja, kubanwa ndo mshukiwa wa kwanza, ikipanda moja peke yake rudi kwenye chaji ya elektrodi hiyo. Na wakati unatafuta jibu usiongeze mkondo ili mambo yaende. Shusha, zima chaneli hizo, mpigie daktari aliyeweka kafu siku hiyohiyo.